Sukuma ya Madam Ina Mikunjo

Ijumaa, 5 Oktoba 2018

Madam amerudi akiendesha mwenyewe. Gari langu! Nasema langu kwa sababu mimi ndiye dereva wake, ninayekijua kikohozi chake, tangu tukiwa Riyadh hadi baba, yaani bosi, mume wa madam, alipohamishia biashara hapa Jeddah. Amegusa nguzo ya lango kidogo, akashuka akicheka, akampa Selipher mifuko ya supamaketi, akanipita kama mtu anayepita kituo cha basi kilichohamishwa.

Sina ugomvi na wanawake kuendesha. Nililitetea jambo hilo kwa barua kali katika magazeti mawili ya nyumbani, wakati hapa bado lilikuwa mwiko. Kumbe nilikuwa nachonga fimbo ya kunichapa.

Baba ameniita baada ya alasiri. Madam ana leseni, amesema. Watoto wana basi la shule. Mwisho wa Desemba tutazungumza. Nikauliza tutazungumza nini. "Halas, Nahashon, basi. Desemba." Maana yake tiketi ya kwenda nyumbani, ya upande mmoja. Na binti yangu Valary bado anasomea uuguzi Eldoret. Mimi nikirudi nyumbani, naye anarudi nyumbani kukaa nami tukitazamana.

Selipher, anayepika na kusafisha humu ndani, ameniambia nimwombe madam tu. "Mwambie una mtoto chuoni, Mwalimu. Hata yeye ni mama." Nimekataa. Nilikuwa mwalimu wa historia na katibu wa tawi la chama cha walimu. Mtu wa aina yangu haombi. Hupanga mkakati.

Jumapili, 7 Oktoba

Mkakati umepatikana! Kwenye pipa la taka!

Kila asubuhi madam hunywa gilasi ya kitu cha kijani. Leo nimeona vikonyo vyake kwenye pipa la jikoni. Nikakitafuna kimoja. Sukuma wiki! Selipher anasema madam huiita keil, huja kwa ndege ndani ya kisanduku cha plastiki, na marafiki zake wote wanainywa ili wapungue. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Mmea uliowasukuma maskini wetu hadi mwisho wa wiki, leo unapanda ndege! Unasafiri kuliko mimi!

Selipher alitaka kunieleza jambo fulani kuhusu majani yake. Nikamwambia vikonyo vinanitosha.

Nitaipanda hapa hapa, nyuma ya jiko, kati ya tangi la maji na ukuta. Dereva hufukuzwa. Mtu anayekulisha hafukuzwi. Historia nzima ya dola inathibitisha hilo.

Baba amekubali nitumie kipande hicho. Alisema tu nisizibe njia ya mitungi ya gesi.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kandara, mtaa wa hapa Jeddah. Duka la mbegu liko kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya masanduku. Nimenunua keil. Kisha nikafikiri: kwa nini keil peke yake? Msomi hulinganisha. Nikaongeza kabichi na koliflawa. Rafiki yangu Zacharia, ninayepitisha Ijumaa chumbani mwake, akanipa mbegu za sukuma halisi alizoletewa kutoka Kitale ndani ya kopo la dawa ya kikohozi.

Zacharia aliuliza nitazitofautishaje. Swali la mtu asiyesoma.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimepanda katika trei za mayai. Hatari ni moja tu: Jackton. Huyu ni mlinzi wa jumba jirani, mtu wa Siaya, ukuta wetu humfikia kidevuni, na kidevu chake huwa juu yake mchana kutwa. Ameshauliza ninapanda nini. Nimemwambia maua.

Ili asiibe elimu yangu, nimechana pakiti zote na kuzitupa, wala sijaandika jina kwenye trei yoyote. Mpangilio uko kichwani. Trei ya kwanza kutoka kwenye tangi ni keil. Ya pili kabichi. Au ya kwanza kutoka ukutani? Hapana, tangi. Tangi kabisa.

Jumatano, 24 Oktoba

Zimeota! Zote!

Lakini zote zina sura moja. Vijani viwili viwili vyenye umbo la moyo, kijani kile kile. Hata mbegu zilikuwa vile, nakumbuka sasa: nyeusi, za mviringo, kama pilipili manga ya mdoli. Isitoshe, Selipher alisogeza trei jana ili aanike zulia. Anaapa alizirudisha zilivyokuwa. Nikamuuliza zilikuwaje. Akasema, "Si zilikuwa zimekaa tu, Mwalimu?"

Jackton juu ya ukuta akasema maua yangu yanafanana sana na mboga. Kisha akatoa fatwa yake: kabichi na sukuma ni watoto wa mama mmoja. Nikamuuliza amejuaje. "Zinanuka sawa."

Hoja ya pua! Nimemjibu kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha Wakenya wa Jeddah, makala ya sehemu tatu. Nimeonyesha kwamba kabichi ilikuja na mlowezi, ndiyo maana imejifungia majani yake kama tajiri anavyofunga lango, hali sukuma imefungua mikono kwa kila mpita njia. Mlowezi na mwananchi hawawezi kuzaliwa na mama mmoja. Sentensi ya lango naipenda mno. Mtu mmoja amejibu kwa kidole gumba. Huenda aligusa kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 9 Novemba

Ugonjwa!

Trei moja, miche yote imeanza kujikunja ukingoni. Jani la sukuma lenye afya ni bapa, unaweza kulitandika mezani ukala chakula juu yake. Haya yamefinyana kama karatasi iliyolowa ikakaushwa juani. Nimeyanyoosha kwa vidole. Yamerudi. Nimeyanyoosha tena, kwa uthabiti. Mawili yamekatika.

Nyumbani dawa ni majivu. Mama yangu alinyunyizia majivu kila kitu, hata sisi. Lakini huku watu wote wanapikia gesi! Nchi tajiri kiasi hiki, haina majivu. Nimezunguka Kandara mpaka nikafika mkahawa wa shisha, nikamwomba mhudumu masalio ya makaa. Akauliza ya nini. Nikasema ni dawa ya watoto wangu wanaojikunja. Akanijazia mfuko na kusema Mungu awaponye.

Jumatano, 14 Novemba

Majivu hayajaponya. Nyuma ya jiko kunanuka tofaa lililoungua. Baba ametoka akanusa, akauliza ni nani anavuta shisha hapa. Nikamweleza ni kilimo. Akaninusa na mimi.

Nimefanya uamuzi mgumu. Mwenye upele hutengwa ili darasa lipone. Nimeng'oa trei nzima ya wagonjwa. Kutupa ningeweza, ila mtu hapaswi kupoteza nafasi ya kutoa funzo. Nimeitia katika mfuko, nikamrushia Jackton juu ya ukuta, na kumwambia hiyo ni zawadi kwa mtaalamu wa harufu.

"Asante sana, Mwalimu! Mungu akuzidishie."

Anashukuru! Kwa ukoma! Nimecheka peke yangu hadi magharibi.

Ijumaa, 23 Novemba

Miche iliyobaki niliihamishia ardhini wiki iliyopita, kwa safu. Bapa, bapa, bapa. Inapendeza kama gwaride. Ni ipi keil sijui kwa hakika, lakini imo. Haiwezi kutokuwemo, niliipanda.

Ila kuna mwizi. Kila baada ya siku chache majani ya chini yamevunjwa, kwenye kila mche, kwa usafi wa kitaalamu. Mwizi wa vurugu angeng'oa. Huyu ni mtu wa kwetu. Nimemshuku Jackton na kumwandikia kwenye kikundi aya mbili kuhusu uporaji, bila kumtaja jina, nikitaja tu kidevu.

Mchana Selipher akaniwekea ugali na mboga barazani. Mboga tamu, laini, kitunguu kimekaa mahali pake. Sahani ya pili nikauliza imetoka wapi. Akaelekeza kijiko nyuma ya jiko. "Sukuma isipovunjwa chini huzeeka, Mwalimu. Si nilikuwa nakusaidia?" Nikamwambia nyingine ni koliflawa, na koliflawa havunjwi. Akauliza ni ipi. Nikaendelea kutafuna. Hoja yake ilikuwa na udhaifu, lakini ni vigumu kuibomoa mdomo ukiwa umejaa.

Jumanne, 27 Novemba

Madam amekuja bustanini na simu mkononi. Ameuliza keil ni ipi. Nikaonyesha safu zote kwa mkono mmoja mpana, kama waziri anayefungua barabara. Akatazama simu. Akatazama mmea. Akarudi kwenye simu. "Mafi keil, Nahashon." Hakuna keil. Nikamwambia subira, madam, bado ni changa, zitaikumbuka asili yake.

Alhamisi, tarehe kumi na tatu Desemba, anaalika marafiki zake. Wanataka kinywaji na saladi ya keil kutoka bustani ya nyumbani. Ameshawaambia anayo! Baba, nyuma yake, akasema siku hiyo itakuwa nzuri ya kujua kazi yangu ni nini hasa katika nyumba hii.

Nimempigia Valary. Nimemwambia mambo yanakwenda vizuri. Aliuliza mbona nazungumza haraka.

Jumapili, 9 Desemba

Mungu wangu.

Madam amenionyesha picha aliyotumiwa na mke wa jirani. Kikapu cha majani yenye mikunjo, ukingo wote umefinyana kama rinda la mwimbaji wa kwaya. "Hii ndiyo keil," amesema taratibu, jinsi mtu anavyomwonyesha mtoto picha ya ng'ombe. Imeoteshwa kwa jirani. Na mlinzi wao.

Nimepanda juu ya tangi. Jackton yuko kwenye kiti chake cha plastiki, redio pajani, chini ya kiyoyozi cha bosi wake. Kiyoyozi kinatonyesha maji baridi kutwa. Kuzunguka kiti, madebe ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa. Na ndani ya madebe ni wagonjwa wangu! Wamenenepa! Wamejikunja kuliko walivyowahi kujikunja kwangu!

Nikamuuliza amewapa dawa gani. Hakuwapa kitu. Aliwaweka pale kwa sababu ndipo alipokaa, na hakutaka kuinuka. "Mimea yako ilisoma sana, Mwalimu. Hii yangu imepumzika."

Kwa hiyo afya ni ugonjwa, na ugonjwa ndio afya, na uvivu ni mbolea. Nilipanda tangini sielewi. Nimeshuka nikielewa kidogo zaidi ya vile, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jumatatu, 10 Desemba

Nimekwenda langoni kwa Jackton. Si kuomba. Kujadiliana. Nilimweleza kwamba kisheria mche hufuata mbegu na mbegu ni yangu. Akasema kisheria zawadi ni zawadi, tena nilimrushia kichwani.

Bei yake si pesa. Anataka niandike kwenye kikundi, mbele ya Wakenya wote, kwamba kabichi na sukuma ni mama mmoja na kwamba Jackton alisema kweli. Mstari mmoja tu, halafu nichukue kapu zima.

Mstari mmoja! Sijawahi kuandika mstari mmoja maishani mwangu. Hata barua yangu ya kumwomba mke wangu uchumba ilikuwa na utangulizi.

Lakini Valary. Nimemfikiria Valary na sare yake nyeupe. Nitaandika.

Jumanne, 11 Desemba

Nimeandika. Mstari wa kwanza: Mimi Nahashon nakiri kwamba kabichi na sukuma ni mama mmoja na Jackton alisema kweli. Uliuma lakini ukatoka.

Kisha nikaona kwamba ukweli mtupu, bila muktadha, hupotosha. Nikaongeza aya ya muktadha. Muktadha ukadai historia kidogo. Historia ikanifikisha kwa walowezi, na huwezi kuwaacha walowezi njiani, lazima ufike nao mwisho. Nilipofika mwisho nilikuwa nimethibitisha kwamba mama akiwa mmoja, baba walikuwa tofauti. Nikamalizia kwa heshima, nikisema kuna watu hugundua ukweli kwa pua, na kwamba mbwa wa polisi pia hufanya hivyo na hulipwa kwa mifupa.

Nikatuma.

Jackton alikuja ukutani akanisomea yote kwa sauti, bila haraka, akisimama penye mikato. "Mwalimu, hii ni kukiri ama ni hati ya mashtaka?"

Kapu hakuna. Watu kumi wameweka vidole gumba, sijui kwa nani.

Alhamisi, 13 Desemba

Kama mlima hauji, unaukunja.

Asubuhi nimechuma majani yangu yote mazuri ya bapa, nikajifungia katika chumba cha kufulia. Kwanza vibanio vya nguo, kila ukingo. Ukibandua, jani linanyooka. Jani hili lililokataa kunyooka likiwa mgonjwa sasa linakataa kukunjika likiwa zima! Nikaamua kutumia joto. Binti wa madam ana chuma cha umeme cha kutia nywele mawimbi. Nikakiazima bila kumsumbua. Jani la kwanza lilitoa mvuke. La pili likatoa sauti. La tatu lilitoka na mawimbi, naapa, mazuri, dhahiri, kisha likalala kama kitambaa cha kudekia. Chumba kizima kikanuka sukuma iliyoungua.

Selipher akafungua mlango. Aliniona na chuma mkononi, majani yamening'inia kwenye kamba kwa vibanio, na jasho. Akavua aproni na kwenda moja kwa moja kwa madam.

Nikamsikia kupitia ukuta, kwa Kiarabu chake cha jikoni, akieleza yote: trei, majivu ya shisha, wagonjwa juu ya ukuta, chuma cha nywele. Na Valary. Alimtaja Valary kwa jina. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia humu ndani: madam akicheka mpaka anaomba maji.

Akampigia simu mke wa jirani. Mke wa jirani akaja mwenyewe na makapu mawili, akakaa na wageni. Jioni nzima walikunywa kijani wakisimuliana. Kila dakika chache kicheko kinapasuka, kisha mtu anaomba aanziwe tangu kwenye shisha. Mmoja alikuja hadi dirishani kunitazama, akapiga makofi.

Naamini bustani imewavutia.

Jumamosi, 15 Desemba

Baba ameniita. Nilikuwa nimeshafunga sanduku nusu, vitabu chini, nguo juu.

Nabaki! Nabaki mpaka Valary amalize chuo! Madam ndiye aliyeamua, na baba akasema yeye hawezi kubishana na mwanamke mwenye gari. Majumba mawili yataungana kuwa na bustani moja, pande zote za ukuta. Msimamizi mkuu ni Jackton, kwa sababu, amesema baba, mikono ya Jackton haing'oi. Mimi ni msaidizi wa Jackton.

Msaidizi! Nimemeza. Nimemeza kwa ajili ya mtoto.

Nimempigia Valary. Alilia kwa furaha, akauliza nani wa kumshukuru. Selipher alipita na ndoo wakati huo, akatabasamu. Nikamweleza Valary kwamba matunda haya ni ya mkakati, na hasa ya ile makala ya Jumanne, ambayo bila shaka ilimfikia madam kwa njia fulani. Nimejitolea kumtumia. Amesema mtandao wake ni dhaifu.

Jumapili, 17 Februari 2019

Mungu humpa mwenye haki nafasi ya pili.

Jackton amekwenda Riyadh na bosi wake, wiki nzima. Ameniachia madebe, na agizo moja: nimwagilie tu, nisiguse. Leo nimegundua kwa nini hakutaka niguse! Kwenye safu mpya, ile madam aliyonunulia mbegu mwenyewe mwezi wa Desemba, kila mche umevimba shina. Si uvimbe mdogo. Mpira! Juu ya udongo, wa kijani kibichi, mviringo kama ngumi, majani yakichomoza ubavuni kama vile mche umemeza kitu na hauwezi kukishusha. Mtu mzima anatazama safu nzima ya matezi, anakaa kwenye kiti chake na redio!

Sikukurupuka. Nilichunguza ushahidi. Pakiti ya mbegu ipo, Jackton hutupa ovyo, na ina picha ya mpira wa kijani wenye majani ubavuni, umekatwa vipande kwenye sahani, uma kando yake. Kwa hiyo ugonjwa ulianza kiwandani, hata mpiga picha aliuona! Madam naye alipita asubuhi akionyesha miviringo ile, akasema maneno mengi kuhusu Alhamisi na wageni, huku akijipigapiga tumbo. Maskini, anaogopa itawaumiza.

Selipher alitaka kuniambia jambo. Nikamwambia baadaye, mgonjwa hasubiri.

Nimeng'oa safu yote. Sikubakiza hata mmoja. Ile mipira nimeikata kwa panga na kuizika mbali, nyuma ya mitungi ya gesi, isiambukize. Mikono inaniuma lakini roho imetulia. Alhamisi madam atajua ni nani aliyeiokoa bustani hii, na sasa hivi naanza kuandika taarifa kwa kikundi. Itakuwa fupi. Sehemu nne.